Fundi wa gia anayepima magari kwa unyayo uliokufa ganzi

Saa moja na robo asubuhi, fundi anakaa nyuma ya usukani wa gari la wagonjwa na kufungua kamba za kiatu cha kushoto. Anavua kiatu, anavua soksi, anaikunja na kuisokomeza ndani ya kiatu, kisha anakiweka chote kwenye mapaja ya dereva aliyeketi kando yake.

“Nishikie,” anasema. “Usikipoteze, mwenzake ataniuliza.”

Dereva anacheka, maana utani huo ameusikia mara nyingi. Kila gari linaloingia karakana hii huondolewa zulia upande wa dereva, na kila linapotoka kwenda kujaribiwa, fundi hubaki na kiatu kimoja. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta. Wa kushoto unalala peku juu ya bati la sakafu, unasikiliza. Ndiyo maana mjini kote wanamwita Unyayo, na mwenyewe huitikia bila kinyongo.

Lakini leo fundi mwenyewe hacheki. Asubuhi ni ya baridi, vioo vina ukungu, na bado jasho jembamba linamtoka kwenye paji la uso. Anaweka gia, gari linatoka getini taratibu, na mkewe anasimama mlangoni akiwatazama mpaka wanapokata kona.

Gari hili ndilo pekee la kituo cha afya kilicho mtaa wa pili. Saa nne linatakiwa liondoke na mgonjwa kwenda hospitali kubwa, kilomita mia moja na arobaini, njia ya kupanda mlima. Kinachosubiriwa ni neno moja tu kutoka kwa fundi: limepona. Amelitamka neno hilo kwa miaka thelathini na mmoja bila kigugumizi. Leo hajui kama bado ana haki ya kulitamka.

Unyayo ana umri wa miaka hamsini na saba. Hashughuliki na injini wala taa, wala hapaki rangi. Anatengeneza giaboksi za otomatiki peke yake, na ndani ya giaboksi hizo kitu anachokijua kuliko wengine ni konveta, lile duara zito la chuma, kubwa kuliko sufuria ya kupikia watu kumi, linalokaa kati ya injini na gia.

Ukimuuliza inavyofanya kazi, jiandae kukaa.

“Mle ndani kuna feni mbili zinatazamana, zimezama kwenye oili,” anaeleza. “Injini inazungusha moja. Oili inayorushwa inaisukuma ya pili, na ya pili ndiyo inapeleka nguvu kwenye gia. Zenyewe hazigusani. Ndiyo maana gari la otomatiki linasimama kwenye foleni, liko kwenye gia, na halizimiki.”

Tatizo, anasema, ni kwamba oili inateleza. Feni ya kwanza ikizunguka mara mia, ya pili inaambulia tisini na kitu. Zilizopotea zinageuka joto, na mafuta ya mwenye gari yanakwenda bure. Kwa hiyo waliotengeneza wakaweka klachi humo humo ndani ya konveta: sahani moja ya chuma iliyogandishwa utando kama wa breki.

“Ukifika mwendo wa sitini na kitu ukatulia, kuna vali ndogo ya umeme inafunguka. Presha ya oili inaisukuma ile sahani, inang'ang'ania ganda la konveta. Hapo injini na gia vinakuwa kitu kimoja, hakuna kuteleza. Ukigusa breki, inaachia.”

Klachi hiyo huugua kwa namna mbili. Utando ukichakaa, inashika kwa kusitasita, na gari linatetemeka kidogo kwa sekunde mbili tatu, kama linapita juu ya vile vituta vidogo vya kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Ukiudharau mtetemo huo, unga wa utando unaendelea kumomonyoka na kuzunguka na oili mpaka unaifanya vali ikwame. Klachi ikishindwa kuachia, gari linakwenda vizuri barabarani, lakini ukisimama tu, injini inazimika.

Mtetemo ule wa mwanzo ni mwembamba mno. Mafundi wengine huubahatisha, hubadilisha oili na kuomba heri. Unyayo alikuwa anauhisi kwa kisigino, na aliweza kukwambia kama utando umebaki nusu au robo. Wenye magari walitoka miji ya mbali kumfuata. Kwa mwezi mzuri alifungua giaboksi kumi na mbili, na kwa kazi hiyo amejenga nyumba ya vyumba vinne na kusomesha watoto watatu.

Sasa turudi miezi minne nyuma, jioni moja, jikoni kwake.

Mkewe ni mshona viti vya magari. Cherehani yake iko chumba cha mbele cha karakana, kwa hiyo wawili hawa wanashinda pamoja, wanarudi pamoja, na wanagombana pamoja. Jioni hiyo aliona doa la damu sakafuni, kisha la pili, yakifuatana kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mumewe.

“Nikamwambia, baba watoto, hebu nyanyua mguu,” anasimulia mkewe. “Nikakuta kipande cha chuma kimejikunja kama ganda la kitunguu, kimeingia unyayoni chote. Nakichomoa na koleo, nakodoa macho nimwone akikunja uso. Yeye ananiuliza tumepika nini.”

Walitazamana.

Unyayo alijua mapema kuliko mkewe. Kwa miezi kadhaa vidole vilikuwa vinawaka moto usiku, kisha vikaacha kuwaka, naye akafurahi akidhani amepona. “Kumbe kilichokuwa kinapiga kelele kimenyamaza kwa sababu kinakufa,” anasema. Alijikaza kisabuni na kuendelea na kazi. Angefanyaje? Jina lenyewe ni Unyayo.

Ndipo gari la wagonjwa lilipoletwa, wiki tano zilizopita. Dereva alilalamika kwamba linatetemeka likifika sitini na tano. Fundi akamwaga oili, akaweka mpya, akabadilisha ile vali ya umeme, akavua kiatu, akatoka nalo barabarani. Hakuhisi kitu. Akarudi akasema neno lake: limepona.

Wiki mbili baadaye gari lilizimika kwenye makutano ya barabara, asubuhi, saa ya msongamano. Nyuma kulikuwa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Dereva aliwasha, akasogea hatua chache, akashika breki, likazima tena. Mara tatu. Lori lilikuwa linapiga honi nyuma yake na muuguzi anagonga kidirisha kinachomtenga dereva na wagonjwa. Walifika, na mtoto alizaliwa dakika arobaini baada ya kufika, mzima. Lakini hadithi ilienea kituo kizima.

Gari likavutwa hadi karakana, na Unyayo akaulizwa kulikoni. Akajibu haraka, kabla hajafikiri: “Oili. Siku hizi wanatuuzia oili feki.”

Wote waliamini. Madereva walitingisha vichwa na kuwalaani wauza oili, wakatajiana maduka. Hakuna hata mmoja aliyeutazama mguu wake. Yeye alisimama pale akipangusa mikono iliyokwisha kuwa safi, na anasema aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alipoifungua giaboksi, akaitoa konveta na kuipasua kwenye mashine ya kukereza, alikuta utando umekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma, na unga mweusi umejaa kwenye njia za oili. Ulikuwa umekwisha tangu siku ile aliyosema limepona. Gari lilikuwa linatetemeka chini ya mguu wake na mguu haukumwambia.

Mkewe hakumpa nafasi ya kujitetea. Kesho yake alimkokota hadi kituo cha afya kama anayempeleka mtoto chanjo. Tabibu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alipima sukari, akaikuta imepanda, akaandika, akasonya kidogo. Kisha akachukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kwenye kiganja chake kikawa kinavuma, na kukisimamisha juu ya dole gumba la mguu wa kushoto.

“Mzee wangu, ukiacha kuhisi mtetemo, uniambie.”

“Tayari,” alisema Unyayo.

Tabibu hakukiondoa kile chuma. Kilikuwa kinaendelea kutetemeka. Unyayo aliuona mtetemo kwa macho, ncha zikiwa kama zina ukungu, na kwenye dole gumba hakuna kitu.

“Mtetemo ndio unaotangulia kupotea,” tabibu alimwambia. “Joto na maumivu hufuata. Ukishika dawa na chakula, tunaweza kuizuia ganzi isipande. Hisia iliyokwisha kupotea sikuahidi kuwa itarudi. Na kuanzia leo, marufuku kutembea peku.” Kisha akamuuliza kazi yake. Unyayo akajibu: “Fundi tu.” Hakusema fundi wa nini.

Hayo yote yamo ndani ya gari asubuhi hii, ingawa dereva hajui.

Nje ya mji barabara inanyooka. Mshale unapanda: hamsini, sitini, sitini na tano. Unyayo anatuliza mguu wa kulia. Macho yako kwenye mshale wa mizunguko ya injini, ambao unashuka kidogo, ishara kwamba klachi imeshika. Kwa ncha ya mguu wa kushoto anagusa breki kidogo tu, ya kuwasha taa za nyuma. Mshale unapanda. Klachi imeachia. Ugonjwa wa kuzima umekwisha, hilo amelishuhudia kwa macho.

Lakini je, inashika vizuri? Utando mpya kaugandisha sawasawa, au kuna upande umenyanyuka? Ganda alilolichomelea upya limekaa katikati, au limekwenda upande unywele mmoja? Hayo hayaonekani kwenye mshale. Hayo alikuwa anaambiwa na mguu.

Anaurudisha mguu sakafuni. Anasubiri. Hakuna kitu.

Na hapo ndipo hofu inapoanza. Gari lililopona halina kitu cha kuhisi. Mguu uliokufa nao hauhisi kitu. Atazitenganishaje hali hizo mbili?

Anageuza, anarudia njia ile ile. Hakuna kitu. Anageuza mara ya tatu, na dereva anamtazama kwa pembe ya jicho, maana haijawahi kumchukua zaidi ya mara moja. Saa ya dashibodi inaonyesha mbili na dakika tano. Unyayo anawasha taa ya pembeni, anaegesha chini ya nguzo ya umeme, anazima injini.

“Mzee, vipi? Kuna tatizo?”

“Lipo. Lakini sio la gari.”

Anamweleza. Anasema kipande cha chuma, anasema ule uma wa tabibu, anasema utando ulivyokwisha. Anafika kwenye oili feki. “Nilidanganya. Oili ilikuwa nzuri. Mguu wangu umekufa ganzi, na nikakupa gari bovu nikakwambia limepona.”

Dereva anautazama mguu wa peku wa fundi. Bado ameshika kiatu mapajani.

“Mzee, nilikuwa na mama nyuma,” anasema hatimaye, taratibu, na utaratibu huo unauma kuliko angepiga kelele. “Yule mama alikuwa ananishika bega kwenye kile kidirisha. Mpaka leo nauhisi mkono wake.”

“Najua.”

“Hujui.”

Lori linapita, gari linayumba kidogo. Dereva anasugua uso kwa viganja. Halafu anasema jambo ambalo Unyayo hakulitegemea.

“Mimi nililihisi. Wiki ile ya kwanza, siku ya pili tu. Lilitetemeka hivi, kwa mbali. Nikajiambia ni barabara. Wewe ulishasema limepona. Mimi ni nani nimbishie Unyayo?”

Fundi anamgeukia. Wiki tatu hizi amejilaumu kwa mguu wake. Hakuwahi kufikiri kwamba sifa za mguu huo ziliwanyima wengine miguu yao.

“Bado unaukumbuka huo mtetemo?”

“Naukumbuka, tena vizuri.”

“Basi vua buti.”

Wanabadilishana viti. Dereva anavua buti la kushoto, soksi ina tundu, na hata katika hali hii Unyayo hawezi kujizuia: “Hii soksi nayo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa.” Dereva anatabasamu nusu, nusu nyingine bado imekasirika, na wanaondoka.

“Usikanyage kwa nguvu. Laza tu, kama mguu umelala. Utasikia injini inavuma, hiyo iache. Chini yake matairi, nayo yaache. Sasa tafuta ule mtetemo wako.”

Sitini na tano. Mshale unashuka. Dereva ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mlangoni kwa jirani.

“Unasikia nini?”

“Sijui.”

Wanageuza, wanarudia. “Bado sijui, mzee. Naogopa kusema.” Wanarudia tena. Safari hii dereva anagusa breki mwenyewe, anaachia, anasubiri klachi ishike, anagusa tena. Mara nne mfululizo. Kisha anapunguza mwendo, anasimama kabisa, na injini inaendelea kuunguruma taratibu bila kukohoa.

“Hakuna kitu,” anasema. “Ule mtetemo haupo. Ungekuwepo ningeujua.”

Unyayo anatamani kuuliza una uhakika, anajizuia, halafu anauliza. Dereva anamjibu ndiyo. Hakuna namna nyingine ya kulijua hilo ila kumwamini mtu, na Unyayo hajawahi kuwa upande huo wa kuamini. Anasema haupendezi hata kidogo.

Saa tatu na nusu wanaingia uani mwa kituo cha afya. Mgonjwa, mwanamume mwenye tatizo la figo, tayari yuko kwenye machela kivulini. Tabibu anatoka na fomu ya kuruhusu safari, anamwona mtu akishuka upande wa abiria, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

“Mzee wangu, tulikubaliana nini kuhusu hicho kiatu?”

Kisha anaangalia gari. Anaangalia mguu. Miwani inashuka na kuning'inia kwenye kamba yake.

“Kumbe Unyayo ndiye wewe?”

“Ndiye mimi, daktari. Na gari kuzimika njiani lilikuwa kosa langu. Wala oili haikuwa na kosa.”

Tabibu anaitazama ile fomu kama imeandikwa kwa lugha ngeni. Machela iko pale, mgonjwa anawatazama wote, na kukodi gari jingine ni kungoja mpaka mchana. “Leo nani amelipima?” anauliza.

“Mimi,” anasema dereva. “Kwa mguu wangu.”

Tabibu anasaini. Anamwambia Unyayo avae kiatu hapo hapo, mbele yake, na Unyayo anakisukumia mguu bila kufunga kamba, macho yakiwa kwenye gari.

Saa nne na dakika tano gari linatoka. Mlima unaanza kilomita ya themanini, na dereva ameahidi kupiga simu akifika juu.

Karakana haina kazi nyingine leo. Mwezi huu zimekuja giaboksi tano tu, na mbili amezirudisha bila kuzifungua, akisingizia vipuri. Unyayo anakaa kwenye kibao kando ya cherehani ya mkewe, simu iko juu ya meza kati ya vipande vya ngozi ya viti. Anaitazama, anaigeuza kifudifudi, anaigeuza tena.

“Ukiitazama sana haitaita,” mkewe anamwambia.

“Na nisipoitazama?”

“Pia haitaita. Nishikie huu mshono.”

Anaushika mshono na kueleza mipango yake, bila kuulizwa, kama mtu anayejizungumzisha ili asiwaze. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi, kinaonyesha kwa tarakimu klachi inateleza kiasi gani. Bei yake ni mapato yake ya miezi miwili, na ya miezi mizuri. Atakinunua kidogo kidogo. Huku akisubiri, anataka kuweka rafu ya viatu pale getini. Dereva akileta gari, atavua yeye mwenyewe, ataendesha yeye mwenyewe, na Unyayo atakaa kiti cha pembeni akimfundisha cha kusikiliza. Hatasema tena neno limepona peke yake.

“Na jina je?” mkewe anauliza. “Watakuitaje?”

“Wataniita Kiatu.”

Mkewe anacheka mpaka anasimamisha cherehani. Yeye hacheki. Saa tano na nusu imepita. Saa sita kasoro robo. Anasimama, anakwenda mpaka getini, anarudi, kamba za kiatu zinaburuta sakafuni. Mkewe anamwambia atajikwaa. Hasikii.

Saa sita na dakika kumi simu inaita, na mkewe ndiye anayeidaka kwa kuwa mumewe ameganda. Anampa.

“Mzee, tumefika juu,” sauti ya dereva inasema, na nyuma yake upepo. “Nimesimama mara mbili, halijazima. Mgonjwa amelala.”

“Limetetemeka?”

“Hapana.”

“Una uhakika? Au ni kwa sababu nilikwambia limepona?”

Upepo unavuma kwenye simu kidogo.

“Hukuniambia kitu, mzee,” dereva anasema. “Leo mimi ndiye niliyekuambia wewe.”

Unyayo anaiweka simu juu ya vipande vya ngozi. Anakaa, anainama, na kuanza kufunga kamba za kiatu cha kushoto.